Salamu Katika Orodha ya Majeneza

Kila asubuhi Immakulata ndiye aliyefungua karakana. Karakana yenyewe iko Kasulu mjini, nyuma ya soko, na hutengeneza milango, vitanda na majeneza. Watu husifia milango na vitanda, lakini ukweli usemwe, majeneza ndiyo yanayolisha nyumba ile na kusomesha watoto. Immakulata alikuwa ameyazoea. Aliyapita yamesimama ukutani, matupu, yakinukia msonobari, akabandika chai na kuwasha kompyuta.

Duka la pili liko Kibondo, na mwenye kulisimamia ni Shamsi. Yeye hupokea oda za huko. Fundi Niyomwungere hukata na kuranda mbao kwa mashine, Kasulu. Jeneza likikamilika hupakiwa garini, likafika Kibondo kabla ya saa ya mazishi.

Zamani Shamsi alikuwa akitaja vipimo kwa simu. Simu ikikatika, na kipimo kimekatika. Ndipo Reverien, mume wa Immakulata, alipoihamishia kazi yote kwenye ofisi ya mtandaoni, ile ambayo watu huiita wingu. Oda zikaandikwa kwenye jedwali moja. Shamsi akiandika Kibondo, Niyomwungere anaona Kasulu papo hapo. Ilikuwa kazi nzuri, ila Reverien aliacha kasoro moja. Wote walitumia akaunti yake, kwa neno lake la siri. Alisema wao ni nyumba moja, ya nini kila mtu awe na mlango wake? Kwa hiyo yeyote aliyeandika, jina lililotokea juu ya jedwali lilikuwa Reverien, na picha yake ndogo akitabasamu.

Kisha Reverien akaugua. Akaenda kuuguzwa kwa mama yake, kijijini Kagerankanda, akafia huko, akazikwa huko.

Jina lake halikuondoka kwenye jedwali. Nani angelifuta? Familia yao ilitoka Burundi zamani, na kwao vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku ya kuganduka, yaani siku ya kuanua matanga. Nguo zake zilifungiwa sandukuni kwa mama yake, pamoja na kila alichokufa nacho. Immakulata aliona na akaunti ni kitu cha marehemu. Akaiacha ilivyo. Basi maiti yuko ardhini, na kila siku jedwali linasema Reverien anaandika. Walijua kuwa ni wao wenyewe, na bado mwili ulisisimka.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Immakulata alikuwa peke yake. Alifungua jedwali ili asome oda za jana. Hakugusa kitu. Mbele ya macho yake alama ndogo ya zambarau, yenye jina la mumewe, ikatokea pembeni. Ikatembea polepole. Ikasimama kwenye nafasi tupu, chini ya orodha ya majeneza. Herufi zikaanza kutoka, moja, kisha nyingine, kama mtu anayepumua kwa shida.

"Bwakeye."

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya kwao. Ndiyo salamu aliyoisikia kutoka kwa Reverien kila siku ya ndoa yao.

Alimpigia simu Shamsi. Shamsi akaapa kwamba yuko njiani, duka hata hajalifungua. Niyomwungere ndiyo kwanza aliingia, anapangusa umande miguuni. Immakulata akageuka tena kwenye kompyuta. Alama ya zambarau haikuwepo. Neno lilikuwepo.

Kesho yake likaandikwa tena, na siku iliyofuata pia. Immakulata alimwita katekista, akaja akaomba, akanyunyizia maji ya baraka karakana nzima pamoja na kompyuta, ambayo nusura ife. Asubuhi salamu ikaja kama kawaida. Hapo Immakulata akajikaza. Akaandika kwenye nafasi ya pili: "Wewe nani?"

Alama ya zambarau ikasimama. Ikakaa pale muda mrefu bila kusogea. Kisha ikatoweka.

Wiki ile ile likatokea la kutokea. Kibondo alifariki baba mmoja mrefu. Shamsi aliandika kipimo, sentimita 180. Niyomwungere alipofungua jedwali alikuta 80. Hakushangaa, kwa sababu watoto nao hufa. Akatengeneza jeneza dogo, akalipaka rangi nyeupe, akalipakia garini. Wafiwa wakalipokea wakiwa wamesimama na maiti yao. Shamsi alisema hajawahi kuona watu wakinyamaza vile.

Niyomwungere akaweka randa chini.

"Mama, mimi sirandi ubao mwingine humu," alisema. "Mwenyewe hataki. Ameanza kwa kusalimia, sasa anafuta vipimo. Kesho ataandika jina la nani?"

Kilichomuuma Immakulata zaidi ya aibu ya Kibondo ni kwamba aliamini maneno yale. Alikuwa ameibeba karakana peke yake tangu msiba, na sasa mume wake mwenyewe anamkatalia. Alilia waziwazi, mbele ya fundi. Akaamua Jumamosi afunge kazi, auze mashine, arudi kulima mihogo.

Jirani yake ni Mwanahawa, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Kwao ni Pangani, na ulimi wake haujui kupumzika. Immakulata alikwenda kwake kumwomba amchapie tangazo la kuuza mashine. Mwanahawa alisoma, akavua miwani, akataka kujua sababu. Alipoambiwa yote hakucheka, jambo ambalo si kawaida yake.

"Shoga yangu, mimi na wafu sibishani," alisema. "Lakini wingu nalijua. Aliyeandika humo ameingia kwa kifaa. Roho haina laini ya simu. Twende tukatazame."

Wakaketi mbele ya kompyuta, majeneza yakiwa nyuma yao. Mwanahawa alieleza polepole. Hilo wingu haliko juu angani. Ni kompyuta kubwa za watu wengine, mahali pa mbali, zinazokutunzia kazi yako. Kompyuta hii ikiungua leo, kazi bado ipo. Ndiyo faida yake. Lakini kazi hiyo hufunguka kwa yeyote aliyeingia na akaunti. Na wao walikuwa wamempa kila mtu ufunguo mmoja, kisha wakamzika mwenye nao bila kuuliza ufunguo uko wapi.

Akafungua historia ya jedwali. Humo kila badiliko limetunzwa, na saa yake. Ile 180 ilionekana wazi. Alfajiri iliyofuata, moja ikafutwa, ikabaki 80. Aliyefuta ni Reverien. Aliyeandika 180 pia ni Reverien. Oda zote, za Shamsi na za Immakulata, ni Reverien.

"Unaona ubaya wa kutumia jina moja? Hata akiingia mwizi, ataitwa mumeo," alisema Mwanahawa.

Kisha akafungua mahali panapoonyesha vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Kompyuta ya Kasulu ilikuwepo. Simu ya Shamsi ilikuwepo. Chini yake kulikuwa na kifaa kingine, kishikwambi, na kilikuwa kimetumika asubuhi ile.

Immakulata alikitambua. Kishikwambi kilikuwa cha Reverien. Alikitumia kitandani kufuatilia oda mpaka siku zake za mwisho. Kimefungiwa sandukuni, Kagerankanda. Na bando la laini yake? Hapo Immakulata akajishika kichwa. Kila mwezi alinunua bando la laini zote za kazi, kama marehemu alivyopanga, wala hakuwahi kujiuliza hiyo moja iko wapi.

Walikodi bodaboda mbili wakaenda kesho yake, mapema. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na nyumba ya mama yake Reverien ilionekana nusu tu, paa bila kuta. Bibi Ntirampeba alikuwa ameketi uani kwenye mkeka. Amejifunika khanga ya msiba, na uso wake unang'aa kwa mwanga wa kishikwambi. Kidole chake kilikuwa kikitafuta herufi.

Immakulata alipiga magoti.

"Mabukwe," alisema, kwa maana hivyo ndivyo kwao mke anavyomwita mama mkwe wake. "Hicho si kilikuwa sandukuni?"

Bibi alikificha kifuani kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Nilikitoa nione picha yake," alisema. "Alinifundisha kuandika hapa hapa, akiwa mgonjwa. Herufi za kisomo cha watu wazima nilikuwa nazisahau, za humu sikuzisahau. Nikamwandikia bwakeye. Hakujibu, lakini niliona maneno yanatembea yenyewe, nikajua yuko kazini. Mwanangu akiwa kazini hajibu." Akakipangusa kioo kwa ncha ya khanga. "Halafu siku moja akaniuliza, wewe nani. Nimelia sana, mwanangu. Kumbe waendako wanasahau mpaka mama."

Immakulata alimkumbatia. Alianza kumweleza, wakaishia kulia wote wawili. Hata Mwanahawa alikwenda kutazama migomba iliyo mbali.

Baada ya uji, Mwanahawa alimweleza bibi kwamba maneno yale yalikuwa ya Shamsi na ya mkwe wake, na kwamba kidole kikigusa kipimo kwa bahati mbaya, kule Kasulu msumeno unafuata. Bibi aliposikia habari ya jeneza jeupe, alijipiga mdomo kwa kiganja.

Kazi ya kurekebisha ilichukua siku mbili tatu. Walifungua akaunti ya karakana yenyewe, isiyo ya mtu mmoja, wakahamishia humo majedwali yote. Immakulata, Shamsi na Niyomwungere kila mmoja akapata akaunti yake na neno lake la siri, na mtu akiingia kwa kifaa kipya simu yake humwuliza kwanza kama ni yeye. Shamsi anaandika oda. Fundi anasoma tu, hawezi kufuta. Kishikwambi kikatolewa kabisa kwenye kazi. Picha zikanakiliwa zisipotee, na bibi akapewa akaunti yake, yenye jina lake. Wafiwa wa Kibondo walifuatwa na kuombwa radhi.

Niyomwungere alirudi kwenye mashine. Mwezi uliofuata Shamsi aliandika upana mahali pa urefu. Jina lake lilikuwa pale pale, fundi akampigia, kosa likarekebishwa kabla ya ubao kukatwa. Tangazo la kuuza mashine halikuchapwa.

Ikabaki akaunti tupu ya Reverien. Mwanahawa alitaka ifungwe mara moja, maana akaunti ya marehemu ikiachwa wazi hukaribisha matapeli. Immakulata alibadilisha neno lake la siri, lakini kuifunga akaomba wangoje kuganduka.

Siku hiyo ndugu walijaa uani Kagerankanda. Nguo ziligawiwa, koti akapewa mjomba. Mwishowe Immakulata akashika kishikwambi ili afunge akaunti. Bibi Ntirampeba akanyoosha mkono.

"Nipe mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemleta."

Akabonyeza alipoonyeshwa. Kioo kikaandika swali. Bibi akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na ua mzima ukamsikiliza.

"Je, u-na u-ha-ki-ka?"

Alikitazama kwa muda. Akasema, "Hapana, sina," kisha akabonyeza ndiyo. Picha ikaondoka. Bibi akamrudishia mkwewe kishikwambi, akainuka kwenda kuwamiminia wageni pombe ya ndizi.