Feni Iliyofungwa kwa Mpira wa Baisikeli

Libère alikuwa fundi baisikeli katika mtaa wa Gatsata, na fundi baisikeli hakosi vipande vya mpira. Tyubu kuukuu ikishakataa kuzibwa, aliikata vipande virefu vyembamba na kuvitundika ukutani. Kwa vipande hivyo alifunga kila kitu: magunia ya viazi kwenye keria, mlango wa banda la kuku, mguu wa meza, hata redio yake iliyopoteza kifuniko. Mkewe alimtania kwamba siku ya harusi yao angeifunga pete kwa mpira, kama padri asingekuwa anaangalia.

Mkewe aliitwa Épiphanie, fundi cherehani. Wote wawili walikulia Bujumbura. Hapo Gatsata walipanga vyumba viwili katika ua mmoja na jirani yao Rutayisire, na wote walitumia mita moja ya umeme. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea. Ndani mlikuwa na cherehani, meza ya kupigia pasi na pasi ya mkaa.

Mwezi wa saba mwaka 1992 jua liliwaka kweli kweli. Bati lilichemka juu, pasi ikachemka chini, na Épiphanie alikuwa katikati, mjamzito wa miezi saba. Mchana mmoja Libère alirudi akamkuta ameketi sakafuni karibu na mlango, mkasi mkononi, uso umelowa jasho.

"Una nini, Mama Kaliza?" aliuliza. Kaliza ni binti yao wa kwanza, aliyekuwa likizo kwa bibi yake Bujumbura.

"Joto tu. Nimeona giza kidogo, nikakaa."

Libère aliogopa. Usiku hakupata usingizi mzuri, na asubuhi alimwandikia kaka yake Bujumbura, akimwomba ile feni ya darini aliyoacha kuitumia. Baada ya wiki mbili feni ilifika na gari la mizigo, ndani ya boksi la sabuni. Mlikuwa na mota, bomba lake la kuning'inizia, mapanga matatu na swichi ya kupunguza na kuongeza mwendo. Kulabu haikuwamo. Nyumba ya kaka yake ina dari la zege, na kulabu ilibaki humo humo kwenye zege.

"Haina neno," Libère alisema. "Nitaifunga."

Mkewe alijua maneno hayo yanaelekea wapi. Alimwambia, "Baba Kaliza, tumwite fundi umeme."

"Fundi wa nini? Kwa kaka imening'inia miaka kumi kwenye kulabu moja tu!"

Dari la chumba chao halikuwa la zege. Lilikuwa la mikeka ya mafunjo, iliyopigiliwa misumari kwenye fito nyembamba. Libère alipanda juu ya meza, akatoboa mkeka, akapitisha mpira juu ya ufito mmoja na kuuzungusha kwenye bomba la feni mara kumi na mbili. Alivuta kwa nguvu, ukashika. Alizima swichi ya taa, akaunganisha nyaya za feni na nyaya za taa kwa kuzisokota, halafu akazivisha mpira pia. Alipoiwasha, upepo ulishuka na vitambaa vikapeperuka. Libère alikunja mikono kifuani, amejaa furaha.

Siku tatu zilipita. Feni ilifanya kazi, lakini ilicheza. Ilikwenda huku na huku, na mkeka ukalia kwich, kwich. Kiti cha Épiphanie kilikuwa chini yake hasa. Alishona mistari miwili, akatazama juu. Akashona mwingine, akatazama juu tena. Libère aliona, ila alijifanya hakuona.

Alhamisi alikuja bibi harusi mmoja kupima gauni. Jina lake Générose. Alikuwa na mikono mikubwa yenye mafuta kwenye kucha, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza mota za umeme katika karakana moja hapo Gatsata. Harusi yake ilibaki siku tisa. Épiphanie alimvalisha gauni, nusu limeshonwa na nusu lina pini, akamwambia asimame katikati ya chumba.

Générose alisogea hatua mbili, akatazama juu, akasimama.

"Mimi hapa sisimami," alisema.

"Kwa nini, dada?"

"Hii kitu imefungwa na nini?"

"Mpira," Libère alijibu mlangoni.

"Mpira gani?"

"Wa baisikeli. Mpira mzuri! Umebeba magunia kutoka sokoni Nyabugogo miaka mingi."

Générose hakucheka. "Gunia halizunguki, shefu. Vantilateri, hii feni yako, inazunguka. Inatikisika kutwa nzima, mpira inavutika kidogo kidogo. Na joto ya bati inaukausha, unakatika. Hata ukiweka kamba ya chuma, huo mti wa juu ni mdogo. Iko ya kushika mkeka, si mota."

"Iko imara," Libère alisema. Alikuwa amechomwa kidogo. Kufundishwa kufunga vitu, yeye, tena na mwanamke aliyevaa pini! "Ngoja nikuonyeshe."

"Onyesha, lakini mama atoke kwanza."

Générose alimshika Épiphanie mkono, akamtoa hadi mlangoni. Kiti kilibaki mahali pake. Libère aliwasha feni, akaipeleka mwendo wa mwisho, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Feni ilizunguka. Ilianza kuyumba. Mkeka ulilia kwich, kwich, kwich, kisha ukasikika mlio mmoja mkavu wa ufito kuvunjika. Mota ilishuka moja kwa moja juu ya kiti. Mgongo wa kiti ulipasuka, panga moja likapinda. Nyaya zilichomoka, zikatoa cheche, na zikabaki zikining'inia.

"Hakuna kugusa!" Générose alipiga kelele. Akiwa na gauni lake, pini na yote, alikimbia nje hadi kwenye mita na kukata umeme wa ua mzima.

Libère alitazama kile kiti. Dakika tano zilizopita mkewe alikuwa amekikalia. Aliegemea ukuta.

Épiphanie alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. "Sijaumia," alisema. "Lakini Baba Kaliza, siku tatu nimekaa pale nikiomba Mungu."

"Nisamehe," Libère alisema. Baadaye akamgeukia Générose. "Dada, nifundishe."

"Kesho," Générose alijibu. "Leo nitoe kwanza kwenye hizi pini."

Ijumaa mchana Générose alirudi na mfuko wa vyombo. Alileta pia kulabu ya ferabeto, yaani nondo nene ya ujenzi, iliyokunjwa upande mmoja na kuchongwa njia za nati upande wa pili.

"Kazi ya kwanza iko kwenye mita," alisema. "Siku ile ulipoifunga, wewe ulizima nini?"

"Swichi ya taa."

"Tazama." Alitoa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini. Kwanza aliijaribu kwenye tundu la ukutani lenye umeme, ikawaka. "Sasa tunajua testa ni nzima." Alizima swichi ya taa, akagusa nyaya za darini. Testa iliwaka tena. "Unaona? Aliyefunga hii swichi alikosea waya. Taa inazimika, umeme iko inakaa juu inakungoja."

Libère alikumbuka alivyozisokota zile nyaya kwa vidole vyake. Alijifuta mikono kwenye suruali.

Walikata umeme kwenye mita. Testa sasa haikuwaka kwenye waya wowote. Épiphanie aliandika kwenye karatasi, "MTU YUKO KWENYE UMEME, USIWASHE," akaibandika hapo, halafu akaweka kigoda na kukaa karibu nayo. Haikuchukua muda Rutayisire akatoka chumbani kwake.

"Nani amezima redio yangu? Mpira unachezwa!"

"Soma hapo, jirani," Épiphanie alisema.

Rutayisire alisoma, akaguna, akanyoosha mkono kuelekea swichi.

"Mume wangu ameshika waya! Ukiwasha, utanioa wewe?"

Rutayisire alirudisha mkono haraka, akaenda kusikiliza mpira kwa jirani mwingine.

Ndani, Générose na Libère walibandua mkeka mmoja wa dari. Juu yake zilionekana boriti za paa, miti ya mkaratusi minene kama paja. "Hizi ndizo zinabeba bati," Générose alisema. "Zitabeba na feni." Walichukua ubao mnene wa mbao ngumu, wakaulaza juu ya boriti mbili na kuufunga kila upande kwa skrubu ndefu. Walitoboa tundu katikati ya ubao na kupitisha kulabu. Juu yake waliweka kipande cha bati nene chenye tundu, kisha nati mbili, moja ikiibana nyingine isije ikalegea.

"Sasa ning'inia," Générose alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Feni iko kilo sita. Kama inakubeba wewe, feni haitaisumbua."

Libère aliishika kulabu kwa mikono miwili, akakunja magoti. Épiphanie alichungulia dirishani, akamwona mumewe ananing'inia kama nguo ya kuanikwa, akacheka mpaka akashika ubavu. Kulabu haikusogea.

"Mapanga tunaweka mwisho," Générose aliendelea. "Watu wanayafunga chini, halafu wanahangaika na mdudu mpana juu ya meza. Mota kwanza. Ndiyo rahisi."

Walifunga bomba kwenye mota kwa bolti, wakapitisha pini ya kuzuia na kuzikunja ncha zake ili isitoke. Libère alipandisha mota, Générose alishika ngazi. Waliitundika kwenye kulabu, kisha wakazungusha kamba ya chuma kutoka kwenye mota hadi kwenye ubao. Kulabu ikishindwa siku moja, kamba hiyo itaizuia feni isianguke.

Nyaya hawakuzisokota. Waliziingiza kwenye domino, kile kipande cha plastiki chenye skrubu kinachobana waya kwa waya. Waya wa kijani na njano walioupitisha kutoka kwenye mita waliufunga kwenye chuma cha feni. "Huu ni wa ardhi," Générose alisema. "Waya ukichubuka ukagusa chuma, umeme unapita hapa, haupiti kwa mtu." Swichi ya ukutani aliirekebisha, ikakata waya unaostahili.

"Haya ya nyaya nayaweza sasa," Libère alisema.

"Ya kulabu unayaweza. Ya nyaya, unaniita."

Panga lililopinda Libère alikuwa amelinyoosha kwa nyundo, akaona limekaa sawa. Générose alilitupa pembeni. "Hata likipinda kidogo, feni inacheza. Haya matatu yanaenda pamoja." Alitoa kwenye mfuko wa vyombo mapanga mengine matatu, ya feni ya aina ile ile iliyoungua karakanani. Waliyafunga yote, wakakaza kila skrubu. Kisha Libère alishika kijiti, akapima kutoka ncha ya kila panga hadi darini. Vipimo vitatu vililingana. Walipima pia kutoka mapangani hadi sakafuni, wakapata zaidi ya mita mbili na nusu. Mtu mrefu anaweza kunyoosha mkono juu ya kichwa bila kuyafikia.

Épiphanie alirudisha umeme. Walianza na mwendo mdogo, hakuna mtu chini. Kisha wa kati. Kisha wa mwisho. Feni ilizunguka mahali pamoja, na sauti pekee ilikuwa ya upepo.

"Baada ya wiki moja, kata umeme, kaza skrubu tena," Générose alisema. "Na kila ukisikia inalia, zima kabla hujauliza."

Kiti kilikuwa kimeshatengenezwa. Libère alikuwa amekigongomea mbao mpya na misumari, bila mpira hata kidogo. Alikiweka chini ya feni, na mkewe akaja kukaa.

"Hapana," Libère alisema. "Kwanza mimi."

Alikaa yeye. Feni ilizunguka mwendo wa mwisho juu ya kichwa chake, naye akakaa pale saa nzima, mikono magotini, huku wateja wakiingia na kumsalimu na kushangaa. Épiphanie alipiga pasi gauni la Générose pembeni, akimwacha mumewe akae. Alielewa kwamba alikuwa anazilipia zile siku tatu.

Harusi ilifanyika Jumamosi ya wiki iliyofuata, na gauni lilimkaa bibi harusi vizuri. Jumatatu yake Libère alirudi nyumbani mchana, akazima umeme kwenye mita na kukaza skrubu kama alivyoambiwa. Alipowasha tena, alibaki amesimama mlangoni akiitazama feni, shingo ikimuuma.

"Unaangalia nini huko juu, Baba Kaliza?" Épiphanie aliuliza.

Aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa amevua viatu, kitambaa kikipita polepole chini ya sindano. Alimaliza mstari mmoja, akaanza wa pili, kisha wa tatu, wala hakutazama juu.