Shimo Karibu na Kisima

Kila asubuhi kabla ya shule, Hadassa alichota maji kwenye kisima cha uani kwao. Watoto wa majirani nao walifika na bidoni zao, yaani madumu ya maji, wakisukumana na kucheka. Avenyu nzima, mtaa wote, ilikunywa maji hayo.

Lakini avenyu yenyewe ilikuwa inabadilika. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wameongezeka katika mji wa Kamina, na kila mwenye ua sasa alijenga vyumba vya kupangisha. Vyumba, vyumba, vyumba! Bustani za mboga za lengalenga zilikwisha. Familia ya Gloire, rafiki wa Hadassa, iliambiwa ihame ili wanafunzi wapate nafasi. Hadassa alilia kwa hasira siku ile.

Baba yake, Papa Kapenda, alijenga vyumba vinne. Nafasi ya choo ikabaki moja tu, kando ya kisima, naye akaanza kuchimba.

"Papa, ku masomo balitufundisha choo iwe mbali na kisima," Hadassa alisema.

"Weye njo unajenga, ao minyi?" baba alimkatiza, akaendelea kuchimba.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi ndoo ya Hadassa ilitoka na maji mekundu ya tope. Hadassa aliitua, akaenda moja kwa moja hadi kwenye shimo, akaingia na kuketi matopeni. Hakuwahi kumpinga baba yake.

"Hadassa! Toka mu ile shimo!"

"Sitatoka, papa. Mayi ya kisima iko nyekundu. Leo njo udongo. Kesho, choo ikijaa, njo nini?"

"Bantu banatuangalia! Unanipatisha haya!"

"Haya njo batoto bakianza kuhara. Kina Gloire balifukuzwa juu ya vyumba. Sasa na mayi pia tupoteze? Minyi nakataa!"

Watoto wenye bidoni walisogea karibu na shimo. Wakati huohuo mwanafunzi mmoja, Nahum, alikuwa ameingia uani na godoro kichwani, tayari kuhamia. Aliangalia shimo, akaangalia ndoo.

"Papa, na siye mayi ya kunywa tutatoa wapi?" Nahum alimuuliza mwenye nyumba.

"Si palepale ku kisima," Papa Kapenda alijibu. Kisha akaitazama ile ndoo yenye maji mekundu. Akachukua sepetu. Hadassa alishika ukingo wa shimo kwa nguvu, akidhani atavutwa.

"Toka sasa," baba alisema kwa sauti ya chini. "Nataka kufukia."

Wiki iliyofuata, chumba cha nne, kilichokuwa mwisho kabisa wa ua, kilibomolewa. Choo kikachimbwa hapo, mbali na kisima, na Nahum alisaidia kuchimba.

Maji yalipokuwa safi tena, Papa Kapenda alimwita binti yake mbele ya watoto wote wenye bidoni.

"Minyi niliogopa kupoteza chumba, nikasahau bantu banaokunywa hapa," alisema. "Muzazi anaheshimiwa, mutoto wangu. Lakini akifanya kitu ya kugonjwesha bantu, umwambie wazi, bila matusi. Na asiposikia, ingia mu shimo tena."