Michembe ya Sabina

Kila alasiri baada ya shule, Sabina alivua sare, akala, kisha akapanda mwamba ulio nyuma ya nyumba yao huko Buswelu kwenda kugeuza michembe. Viazi vitamu alivipanda mwenyewe na kuvipalilia mwenyewe. Sasa alikuwa amevimenya, akavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya jiwe vikauke. Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, na mwaka huo mama alikuwa amemruhusu apeleke sadaka yake mwenyewe.

Hakuna aliyekataa kwamba Sabina alikuwa na bidii. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema jambo hilo, na mara nyingi alikuwa wa mwisho pia, kwa kuwa hakuwaachia wengine nafasi.

Upande wa pili wa mwamba huohuo alianika Bibi Suzana, jirani yao mjane. Michembe yake ilikuwa minene, maana macho yalikuwa yamepungua nguvu na kisu alikiogopa. Hata hivyo, hiyo ndiyo ilikuwa akiba yake ya chakula cha kiangazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Yako imekauka vizuri! Tumshukuru Mungu kwa jua hili."

"Si jua tu, Bibi. Jua limetuwakia sote, lakini tazama yangu, halafu tazama yako."

Bibi alicheka kidogo, akaendelea kugeuza yake.

Jumamosi mama alikwenda msibani Kisesa. "Mvua hazijaisha," alimwonya Sabina. "Mawingu yakitanda upande wa ziwa, anua mapema."

Sabina aliitikia. Lakini kanisani kwao kila mtoto anayeleta mavuno husimama mbele ya watu na kusema neno la shukrani, na neno la Sabina lilikuwa refu. Basi alikwenda kwa rafiki yake Modesta kulifanyia mazoezi. Alikuwa bado analirudia mvua ilipoangukia bati kwa kishindo.

Alitoka mbio. Alipofika mwambani, maji yalikuwa yanatiririka na mahali pake palikuwa patupu. Karibu alie. Kisha akaiona michembe yake yote barazani, ndani ya kikapu, imefunikwa kwa kitenge, kavu kabisa. Akadhani ni kazi ya mdogo wake Luhende, aliyekuwa akicheza uani. Akashusha pumzi, wala hakumuuliza.

Jumapili asubuhi watu walijipanga nje ya kanisa na mavuno yao: kuku, mtama, mihogo, dagaa. Bibi Suzana alikuwa ameshika bakuli lenye mayai mawili.

"Bibi, michembe yako je?" Sabina aliuliza, na kusema kweli hakuuliza kwa huruma.

"Imesombwa na mvua, mjukuu wangu."

Luhende, aliyesimama nyuma yao, akadakia, "Si alikuwa anaanua ya kwako! Mimi nilimwambia aanze na yake, akasema ya kwako ni ya sadaka. Aliporudi, jiwe lilikuwa linateleza, akashindwa kupanda."

"Nyamaza, Luhende," Bibi alisema. "Mwenzako alikuwa amejiandaa siku nyingi. Mimi Mungu ananijua."

Aibu ilimshika Sabina mpaka kikapu kikawa kizito mikononi.

Zamu yake ilipofika, Mwalimu Pius wa shule ya Jumapili alikiinua kikapu juu watu wakione. "Tazameni kazi ya mikono ya binti huyu!" alisema, na kanisa zima likapiga makofi. Kilichobaki kilikuwa kusema yale maneno aliyoyakariri. Luhende asingethubutu kusema kitu mbele ya watu wale, na Bibi asingetaka.

"Nilipanda," Sabina alianza. "Nilipalilia. Nilimenya..." Akamtazama Bibi Suzana. Watu wakasubiri.

"Michembe hii ingesombwa na mvua jana," akasema. "Mimi sikuwepo. Nilikuwa kwa rafiki yangu nikijifunza kujisifu. Bibi Suzana aliianua, na ya kwake ikapotea. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Bibi. Na wewe Bibi, naomba unisamehe, maana nilikucheka."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Bibi Suzana alikwenda mbele taratibu, akamshika mkono, wakarudi kuketi pamoja.

Siku iliyofuata, baada ya shule, Sabina na mama yake walichimba matuta yaliyobaki shambani, wakapeleka viazi kwa Bibi.

"Wabeja, mjukuu wangu, asante sana," Bibi alisema, akamwachia Sabina kisu.

Sabina alikata vipande vyembamba huku mama akimenya. "Mama, kwa hiyo nisifurahie kazi yangu?" aliuliza.

"Ifurahie. Bidii ni njema, usiiache," mama alijibu. "Lakini nguvu za kulima ulipewa na Mungu. Mvua iliyootesha viazi ni yake, na jua ni lake. Siku ulipozembea, akakuletea Bibi. Mtu mnyenyekevu hufanya kazi kama wewe, ila anajua kwamba hakuifanya peke yake. Siku nyingine ukitaka kujisifu, hesabu kwanza ulivyopewa."

"Na nikimaliza kuhesabu?"

"Hutamaliza, mwanangu," mama alisema.