Mraba wa Karibu na Mwamba

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, binti yangu hufungua daftari kwenye meza ya jikoni. Wiki ile mwalimu wa sayansi aliwaambia wachore mwendo wa maji katika ghuba yetu. Mama yake mdogo, anayefanya kazi ofisi ya utabiri wa bahari, alimfundisha kompyuta yao inavyofanya: bahari hukatwa miraba, na kila mraba hupewa mshale mmoja, yaani wastani wa maji yote yaliyomo.

Akafika mraba wa karibu na mwamba. Upande wa mchanga maji huingia. Upande wa mwamba hutoka kwa nguvu ileile. Wastani ukawa sifuri. Akaandika "shwari".

Kibao cha ufukweni, panapoandikwa utabiri wa ofisi ile kila asubuhi, kilisema hivyohivyo siku mama yake alipoingia kuoga asitoke tena.

"Baba, hesabu iko sawa. Nimeirudia."

"Iko sawa," nikasema. "Na mama yako yuko wapi?"

Aliutazama tena ule mraba. Kisha akaniambia Jumamosi darasa lao lingekwenda kuogelea palepale, kwa sababu kibao kinasema shwari.

Kesho yake tulimfuata mama mdogo ofisini. Hakukataa kwamba mraba ule unadanganya. Alikwisha kuomba miraba midogo zaidi, wakubwa wakasema kompyuta itachelewa hadi mchana, nao wanataka jibu asubuhi. Nikamwambia sishangai, wakubwa huogelea hotelini.

"Shemeji, nimechoka kuomba," akajibu.

Darasani binti yangu alifuta lile neno, akachora mishale miwili ndani ya mraba mmoja. Wenzake walicheka. Jirani yake wa dawati akamwambia anaogopa maji kwa sababu ya mama yake, asiwaharibie safari.

"Naogopa, ndiyo," akasema. "Lakini tazama mishale."

Mwalimu aliitazama, akafuta kuogelea.

"Bahari nzima haipimiki, lazima tukadirie," aliwaambia. "Ila ukikadiria, sema umekadiria, na useme umeacha nini. Ukinyamaza, mwenzako atadhani umepima."

Jumamosi walicheza mpira mchangani, wamenuna. Kibao kilikuwa kilekile: shwari. Mbele yake watoto wa shule nyingine walikuwa wanavua viatu. Mwalimu wetu alikwenda mbio kumweleza mwalimu wao habari za miraba na mishale. Yule alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwonyesha kibao.