Bomba Lililovuta Moshi

Thora alifunga koki ya mtungi mmoja, akafungua ya mwingine, akasikiliza kompresa, mashine ya kushindilia hewa, ikiunguruma. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Kaka yake Erlend, aliyekuwa akipakia vifaa mashuani, alimtania kwamba anajaza mitungi ya hewa ya wapiga mbizi kama bibi anayekamua ng'ombe mzee.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuliangalia bomba la kuvutia hewa. Mdomo wa bomba ulipaswa kukaa upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa injini ya kompresa. Upepo ukigeuka, nalo hugeuzwa. Hapo katika bandari ya Stromness upepo hugeuka ovyo, na watoto wa gatini hulijua hilo mapema.

Lakini baridi ilimzidi. Aliingia kibandani, akanywa chai kwa mkate wa shayiri. Alipotoka, moshi ulikuwa ukipita juu ya mdomo wa bomba. Hakujua tangu lini. Aliligeuza haraka, akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwona, naye hakusema.

Angesemaje? Wiki nzima dhoruba ilikuwa imewafungia wageni wao bandarini. Leo tu bahari ilikuwa imetulia, na kesho wangeondoka kwa feri. Mmoja wao, mzee Hoggarth, alikuwa amewaeleza kwamba daktari hatamruhusu tena kupiga mbizi baada ya safari hii. Tangu ujana alitamani kuiona manowari ya Kijerumani iliyolala chini ya maji yale.

Mama yao, Merran, ndiye aliyekuwa nahodha. Walipofika penye boya, Erlend alitangulia peke yake kukagua kamba iliyofungwa kwenye manowari. Mapovu yake yalipanda na kupasuka. Mzee Hoggarth alikuwa amekwisha kaa ukingoni, mtungi mgongoni, akitabasamu. Thora aliutazama mtungi ule. Hakujua kama hewa yake ilikuwa safi au la.

"Mama," alisema, "mwite Erlend. Bomba lilivuta moshi."

Merran aliuacha usukani. Alichukua nyundo, akaigonga ngazi ya chuma iliyozama majini, ishara ya kumwita mpiga mbizi juu, akangoja, akagonga tena. Mapovu yalibaki palepale. Gesi ya sumu iliyomo katika moshi ule haina harufu, na kadiri mtu anavyoshuka ndivyo sumu yake inavyozidi. Baada ya kitambo kirefu mapovu yakaanza kuisogelea kamba, polepole mno. Thora alitamani Erlend apande upesi, lakini alijua kwamba kupanda upesi kutoka kina kile nako huua. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Moyoni alikuwa ameshamzika kaka yake.

Erlend alipofika juu walimvuta kwa mikono. Alitapika, na mama akamfunika uso kwa barakoa ya oksijeni, kisha akamwita daktari kwa redio.

"Nilikuwa naiangalia kamba," Erlend alisema baadaye, "nisikumbuke ni ya nini." Akamtafuta dada yake kwa macho. "Bibi wa ng'ombe," akasema kwa sauti ndogo.

Mitungi yote ikafunguliwa hewa itoke. Mzee Hoggarth alivua wake, akaufungua mwenyewe, akakaa akiusikiliza ukilia hadi ukanyamaza. Upepo ulikuwa umeanza tena.

"Sikuchukii, binti," alimwambia Thora. "Ila usitegemee niseme haidhuru."

Jioni, daktari alisema Erlend atapona, lakini atalala hospitalini. Merran na Thora walirudi gatini kusafisha kompresa.

"Ukikosea ukasema, tunapoteza safari," Merran alisema, akifungua chujio. "Ukikosea ukanyamaza, kosa linashuka chini na mwenzako. Wewe ulichelewa kusema, lakini ulisema. Na mimi nilikuacha peke yako na baridi ile. Sitakuacha tena."

"Na yule mzee?"

Merran aliliweka chujio juu ya turubai. "Yule hatuna cha kumpa," alisema. "Kesho utakwenda kumuaga ferini. Usijitetee. Muage tu."

Giza liliwakuta chujio likiwa vipande vipande juu ya turubai, na mitungi ikiwa mitupu, koki wazi. Merran alisema yaliyobaki ni ya kesho. Alitangulia kuondoka. Thora alisimama kidogo, akahisi upepo shavuni, kisha akainama na kuugeuza mdomo wa bomba, ingawa injini ilikuwa imezimwa.