Nilimtenga Mama kwa Kuogopa Mionzi

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Alikuwa akishonea nyumbani, na mwanangu wa mwaka mmoja na nusu akikaa miguuni pake, akichezea vipande vya vitambaa. Akilia, alimtaka bibi kabla yangu. Mimi nilikwenda saluni kusuka watu bila wasiwasi.

Kisha mama akaugua saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji. Daktari akamwambia aende kupigwa mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki tano.

Pale saluni mteja akaniambia, "Mtu wa mionzi anaibeba mwilini. Wewe una mtoto mdogo, jihadhari."

Sikumuuliza ameyajulia wapi. Mwoga hahitaji ushahidi. Jioni ile ile nilimpeleka mtoto kwa dada yangu mkubwa. Mama nikamtengea kikombe, sahani na kiti chake.

"Naona nimekuwa mgeni rasmi," mama alisema. "Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Kwa mama yake mkubwa. Ili upumzike, mama."

Akaketi kwenye kiti chake. Siku zote za tiba alikwenda hospitali peke yake, akarudi peke yake. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ya tano, hata kusimama kulimshinda. Ngozi ya kifuani ilikuwa nyeusi na inawasha. Mume wangu alikuwa safarini, ikabidi nimsindikize mimi. Mama alipoingia chumba cha mashine, nilimuuliza muuguzi, "Hiyo mionzi hatatuletea nyumbani?"

"Hapana, dada. Analala dakika chache, mashine inapiga pale palipochorwa alama. Haimuumi. Ikizimwa, mionzi imekwisha, haondoki nayo. Wapo wagonjwa wanaowekewa mionzi ndani ya mwili, na hao tunawapa maelekezo yao. Mama si mmoja wao. Kuleni naye, mkumbatieni, abebe mtoto."

"Na huu uchovu? Na ngozi?"

"Ni kawaida, na huenda ukaendelea wiki kadhaa baada ya tiba. Apumzike, ale vizuri. Aoge maji ya uvuguvugu, asisugue zile alama, asipake kitu bila kutuuliza. Akichubuka au akipata homa, aje mara moja. Na asikose siku hata moja." Akanitazama. "Nilimweleza yote haya siku ya kwanza. Hakuwaambia?"

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza, "Mama, kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ungemwamini nani, mwanangu? Mimi au mteja wako?"

 Siku hiyo hiyo nilimfuata mtoto, nikamweka mapajani mwa bibi yake. Mtoto alimtazama kama mtu wa mtaa wa pili. Kisha akapiga kelele, akaninyooshea mikono.

"Mchukue," mama alisema. "Yeye hana kosa."

Sasa tiba imekwisha. Ngozi imepona, nguvu zinarudi kidogo kidogo, na tunakula pamoja. Mtoto alikuwa akimchungulia bibi yake kutoka mlangoni. Siku ya kumi tangu arudi nyumbani, akampandia mapajani mwenyewe, akalala. Lakini mimi na mama, mazungumzo yetu yamebaki salamu tu.