Kombe Lililolowekwa Ndimu

Kila alasiri akitoka madrasa, Radhiya, mwanafunzi wa gredi ya sita, aliketi barazani kwao Mkomani akichora makombe ya baharini katika daftari lake.

Juma lile alikuwa na kombe la ajabu. Ami yake Husseini, mvuvi wa Kiunga, alilikuta limeng'ang'ania kipande cha tumbawe kilichonaswa na ndoana mbali sana, penye kina cha pima mia. Lilikuwa dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, magamba mawili membamba yaliyofumbatana, umbo lake kama kipepeo cha kupepelea makaa, na masikio mawili madogo yamechomoza penye kiungo.

"Miaka thelathini nimo baharini, hili sijaliona," alisema ami. "Andika maelezo yake, mwanangu. Mwalimu Kagendo wa shuleni kwenu atayapeleka kwa mtaalamu pamoja na kombe lenyewe, tujue jina lake."

Kombe lilikuwa na utando wa kahawia. Radhiya aliwahi kuwaona wauza makombe wakiyang'arisha makubwa kwa ndimu. Akakamua ndimu mbili kikombeni, akalitumbukiza, akaenda kumkunia nazi nyanya yake, Bi Umi. Akasahau mpaka wali ukaiva.

Aliporudi, viputo vilikuwa vikipanda. Kombe limekuwa laini kama ganda la yai, lina kitobo, na sikio lake moja halipo.

Kaka yake Harith alichungulia. "Makubwa! Umelitia achari?"

Radhiya hakucheka. Alifungua kitabu cha shule, akatazama picha ya kombe jingine, la pwani, akaandika daftarini kana kwamba ndilo la ami: "Masikio mawili sawasawa. Mbavu kumi na mbili nene."

Wakati wa kula, alikuwa akiusogezasogeza wali tu sahanini.

"Wali umekukosea nini leo?" aliuliza Bi Umi.

Radhiya akaangua kilio, akasema yote.

"Basi kesho umwambie mwalimu wako kama ulivyoniambia mimi," alisema Bi Umi, akimfuta machozi kwa upande wa leso.

Kesho yake Radhiya alimweleza Mwalimu Kagendo yote, naye akalitazama kombe kwa kioo cha kukuzia. Akashusha pumzi.

"Nimeumia, Radhiya. Sasa futa ulichobuni. Fumba macho, uniambie ulichokiona kabla ya ndimu."

"Gamba la juu lilikuwa na mistari myembamba kama nyuzi, na vijiba vilivyokwaruza kidole. Sikio la mbele lilikuwa kubwa kuliko la nyuma, lina pengo chini yake. Rangi ya maziwa, na madoa mekundu."

"Mistari mingapi?"

"Sikuhesabu, mwalimu."

"Andika hivyo hivyo: haikuhesabiwa."

Chini kabisa Radhiya akaandika: "Niliharibu kombe hili mimi, kwa ndimu."

Baada ya wiki tatu mtaalamu alilirudisha kombe pamoja na barua. Ni kombe la kina kirefu, aliandika, na yale maelezo yamemsaidia. Lakini jina lake hawezi kulitaja, kwa kuwa alama za gamba zimelika.

Ami Husseini aliligeuza kiganjani. "Nimekusamehe, mwanangu. Ila sijui kama ndoana yangu itapita pale tena."

Radhiya aliinamisha kichwa.

"Majuto hayatalirudisha," alisema Bi Umi taratibu. "Lakini ule uongo ungebaki daftarini, hata haya machache tusingeyajua. Kitu usichokijua, uliza kabla ya kukigusa. Ukikosea, sema mapema. Na usichokiona, usikiandike."

Radhiya akalilaza kombe kwenye pamba, ndani ya kiboksi. Juu yake akabandika karatasi: kina, rangi, masikio. Mahali pa jina akapaacha patupu.